Kifo cha Anselmo Cárcamo Juu ya Theluji

KITUO CHA POLISI, USHUAIA
MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Delfina Barría. Umri: miaka 69. Kazi: mkunga mstaafu. Makazi: Río Grande.

Mimi ni mjane wa marehemu Anselmo Cárcamo. Mwanangu Fabián amelalamika hapa kwamba mwongoza watalii, Ramiro Uribe, alimlazimisha baba yake kupanda kilima hadi akafa. Fabián hakuwepo. Mimi nilikuwepo.

Mnamo tarehe 14 Januari tuliondoka bandari hii kwa meli ndogo kwenda Antaktika. Anselmo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Meli za namna hiyo alizitengeneza maisha yake yote, lakini hakuwahi kusafiri kwa hata moja. Njiani bahari ilichafuka, tukatapika sote. Yeye alicheka tu. "Bibie, watu wanalipia mateso haya!"

Tarehe 18 asubuhi tulishushwa ufukweni kwa boti la mpira. Ramiro alimwambia, "Mzee Anselmo, kaa hapa chini na pengwini. Huko juu waachie vijana."

Mume wangu akajibu, "Pengwini wako wananuka kuliko soksi zangu. Mimi napanda."

Ramiro alimkataza tena. Anselmo akaanza kupanda. Ramiro akamfuata, akamshika mkono asianguke.

Katikati ya kilima Anselmo aliketi. Nilipomfikia midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Akasema, "Fina, tazama." Nikatazama ghuba, barafu, na meli yetu kule chini. Nilipomgeukia alikuwa ameshakwenda.

Ramiro alimkandamiza kifua mpaka daktari wa meli alipofika, na hata baada ya daktari kusema basi. Nahodha alituita kwa redio akisema barafu inaziba njia. Ramiro hakuacha. Nilimshika mabega nikamwambia, "Mwanangu, inatosha." Ndipo akalia.

Moyo wa mume wangu ulikuwa mbovu na daktari wake alimkataza safari hii. Tulijua sisi wawili. Fabián tulimficha jambo hili, kwa sababu baba yake alijua angemzuia. Mwanangu anatafuta wa kumlaumu. Simkasirikii. Lakini wa kulaumiwa asiwe Ramiro.

Niliyoyasema ni niliyoyaona, na nimeyasema kwa hiari yangu.

(Sahihi) D. Barría

Maandishi ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo haya, akayakubali. Aliuliza mwanawe yuko wapi. Nilimjibu kwamba yuko kwenye benchi la nje tangu asubuhi. Alikataa kusindikizwa, akaenda kuketi naye. Sajini M. Ojeda.