Nilimwombea Aache Bangi

Jumamosi. Tangu asubuhi ukungu umekaa juu ya migomba na manyunyu hayakatiki. Meru haionekani kabisa. Afadhali, maana leo sitaki kutazamwa hata na mlima.

Daftari langu, nina jambo la kukiri, na nikilikiri kwa mtu mwingine nitatengwa kanisani.

Leo nimemtafutia mume wangu bangi. Mimi mwenyewe, kwa miguu yangu.

Filipo aliijua bangi kwa wapagazi, wakati ule alipokuwa akibeba mizigo ya Wadachi kutoka boma la Arusha hadi Moshi. Alirudi na shuka moja na kibuyu cha kuvutia bangi, na tangu siku hiyo kibuyu kikawa mke mkubwa, mimi nikawa mdogo. Jembe langu alilibadilisha kwa bangi mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa wakati wa kupanda. Wazee wa kanisa wakamtenga na meza ya Bwana. Akaapa kuacha. Siku ya tatu jasho likamtoka, mikono ikatetemeka, akagombana hata na mbuzi, na jioni nikamsikia anakohoa kule mtoni kwa wenzake. Kikohozi kile nilikijua kama ninavyoijua kengele ya kanisa.

Nilimtukana, jamani. Mdomo huu hauna adabu. Na nilimwombea pia, kila alfajiri kabla ya kukamua, kwamba Mungu amtoe kwenye kile kibuyu kwa njia yoyote aipendayo.

Kwa njia yoyote. Ndivyo nilivyosema.

Kabla ya masika alikwenda kukata miti kwenye shamba la Kaburu mmoja upande wa Momela. Tawi lilianguka vibaya, likampiga juu ya sikio la kushoto. Wenzake walimleta kwa machela. Siku sita hakufumbua macho, na mama mkwe alikwisha kuchagua mahali pa kumzika kule migombani. Siku ya saba akafumbua, tukamnywesha uji.

Kidonda kikafunga. Akasimama, akatembea, majina yetu anayajua yote. Na bangi hakuitaja.

Nilingoja lile jasho, nikangoja mikono itetemeke. Wapi! Siku moja alikuwa anatafuta kamba darini, akakikuta kibuyu nilikokificha, akakisogeza pembeni kama gunzi la mahindi, akaendelea kutafuta kamba yake. Nilitoka nje nikapiga vigelegele. Mtoni nikawaringia wanawake wenzangu kwamba mume wangu ameacha, ameacha kabisa, na wao wakaniambia nina bahati. Nikakubali.

Hayo mengine nilichelewa kuyaona, au niliyaona nikayafumbia macho. Zamani nikipika loshoro, mahindi yetu ya maziwa ya mgando, alikuwa anakuja jikoni kabla haijaiva, anaonja kwa kidole, namfukuza kwa mwiko. Sasa nikimwekea anakula, nikisahau kumwekea hali, wala haulizi. Ng'ombe wetu alizaa, naye hakunyanyuka kwenda kumtazama ndama, mtu ambaye zamani alikuwa anamwimbia ng'ombe kuliko alivyoniimbia mimi. Binti yetu Ruti, mwenye miaka minne, alikuwa akimkimbilia. Baba anasimama tu, mikono imelala ubavuni. Siku hizi Ruti hakimbii tena.

Na nikishika penseli alikuwa na utani wake. Alikuwa akiniambia, Mama Ruti umeanza kuchakura kama kuku, hebu tuone leo umepata mdudu gani. Nilikuwa nakasirika! Sasa amekaa hapo mlangoni, ananiona naandika, na hasemi kitu.

Leo asubuhi amekuja Mzee Yakobo, mzee wa kanisa letu. Nimemwamkia, nimempa kigoda, akatoa habari yake. Kesho Filipo atasimama mbele ya usharika, atatubu, atarudishwa mezani kwa Bwana, nami nilete kile kibuyu kivunjwe mbele ya watu ili vijana wajifunze. Akamgeukia Filipo, akamuuliza kama yuko tayari. Filipo akasema yuko tayari. Mzee akatokwa na machozi ya furaha, na mimi nikalia. Akadhani tunalia kilio kimoja. Nilitaka kumwambia ukweli, lakini mdomo wangu wote huu ulinyamaza.

Alipoondoka nilijifunika shuka, nikateremka mtoni kwa Sangito, mwenzake Filipo wa kibuyu. Huyu nimewahi kumwita fisi mbele ya watoto wake. Nilipomwomba bangi nilingoja anicheke. Hakucheka. Aliniambia hata yeye alimjaribu, alimwashia kibuyu Filipo alipoanza kutembea, akitaka wafurahi pamoja kwamba amepona.

"Alikishika akanirudishia, shemeji," akasema. "Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia."

Akanifungia majani kidogo kwenye jani la mgomba.

Nyumbani nilimpeleka Ruti kwa bibi yake. Nikateremsha kibuyu, nikatia maji, nikajaza, nikaweka kaa la moto juu kama nilivyomwona akifanya miaka yote nikisonya. Mikono iliyotetemeka ilikuwa yangu. Nikampa pale nje alipokuwa ameketi. Nilikuwa namwomba moyoni, tamani basi, nyang'anya, nitukane, niambie nimechelewa kuwasha. Jembe langu lipo pale mlangoni, kalichukue.

Alikishika hadi kaa likafa.

"Baba Ruti, hutaki?"

"Ukitaka nivute, nitavuta."

"Na kesho, kutubu?"

"Wakitaka nitubu, nitatubu."

Alisema bila ubaya wowote, na macho yake yalikuwa makavu na mapole. Niliketi chini kwenye tope nikamshika miguu, nikalia kwa sauti. Hakuniuliza nalia nini. Manyunyu yalimwangukia kichwani, pale penye kovu, naye hakusogea mpaka nilipomwingiza ndani.

Sijui kama ni sala yangu iliyoangusha lile tawi. Nitamuuliza nani? Najua tu kwamba nilikuwa na mume mlevi wa bangi aliyenitia uchungu kila wiki, na leo ningempokea vilevile alivyokuwa, pamoja na kikohozi chake.

Kesho kengele ikilia tutakwenda. Atakaposimama mbele, nitasimama kando yake, hata kama si zamu ya wanawake kusema. Nitawaambia huyu hajatubu, huyu ameumia kichwa, mwombeeni arudi. Mzee Yakobo atauliza kibuyu kiko wapi.

Nimekiosha, nimekikausha motoni, nimekirudisha darini mahali pake. Akirudi, asije akakikosa.