Mifuko Iliyokunjwa Chini ya Jiwe

KITUO CHA POLISI CHA SAN LUCAS AMAZINTLA, JIMBO LA MORELOS, MEKSIKO
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Otilia Xochihua Galicia
Umri: Miaka 53
Kazi: Mkulima. Jumapili huuza supu ya mahindi sokoni
Makazi: Mtaa wa Kalvario, nyuma ya kisima
Tarehe na saa: 29 Septemba 2011, saa tatu asubuhi
Mwandishi wa maelezo: Sajenti Palemón Rendón

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu, bila kutishwa na mtu, ingawa kiti nilichopewa kina mguu mbovu na naomba hilo nalo liandikwe.

Shamba la bondeni ni la familia yetu. Nimemkodisha injinia Rebeca Olmedo, mtafiti wa mahindi, na huu ni mwaka wake wa saba humo. Anayatafutia mahindi yetu meupe, yale ya punje pana tunayopikia supu, shina lisiloangushwa na upepo, na upana wa punje ubaki ulivyo. Hindi changa likikaribia kutoa ndevu, analifunika kwa mfuko wa karatasi ili lisiingiwe na unga wa maua ya jirani. Halafu yeye mwenyewe anachagua shina la kuwa baba, analikung'utia unga wake kwenye ndevu, analifunika tena na kubana kwa kibanio. Watu wa hapa humcheka, wanasema injinia ni mshenga wa mahindi. Lakini mfuko ukitolewa mapema, upepo unaliozesha hindi kwa yeyote aliye karibu, na mwaka mzima unakwenda na maji.

Kwa hiyo shamba lina uzio, geti na mlinzi. Mlinzi ni Crescencio Tlatelpa, mume wa Brígida aliyemsimamia binti yangu ubatizo. Kwetu huyo ni ndugu, tena ndugu wa kuchagua. Sheria ya injinia ni moja: haingii mtu humo na nguo iliyopita kwenye shamba jingine, isije ikabeba unga wa nje. Hata mimi mwenye ardhi husimama getini kama mkusanya kodi.

Tarehe 28 Septemba, jana, ilikuwa siku ya kuweka misalaba ya maua ya njano ya perikoni kwenye pembe za mashamba. Siku ya kuamkia Mtakatifu Mikaeli Shetani hufunguliwa, na shamba lisilo na msalaba ndimo anamolala. Nilimaliza kuweka yangu kule juu, nikashuka bondeni yapata saa mbili asubuhi. Geti lilikuwa wazi. Mahindi ya injinia yote yalikuwa kichwa wazi, hakuna mfuko hata mmoja. Nilipiga kelele mpaka Crescencio akaja mbio na kikombe cha uji mkononi.

Mifuko haikuchanwa. Ilikuwa imekunjwa na kupangwa chini ya jiwe karibu na geti, kama nguo zinazongoja pasi. Vibanio havikuwepo. Pembe zote nne zilikuwa na misalaba ya perikoni. Nataka ieleweke kwamba misalaba hiyo niliiona kwa macho yangu haya mawili na sikuijali, kwa sababu jana kila shamba lilikuwa na msalaba. Nani angeiuliza?

Injinia alifika baada ya muda mfupi. Alitembea safu kwa safu akishika ndevu za mahindi. Mwisho akakaa chini kwenye tope na suruali yake safi.

"Mama Otilia," akaniambia, "yale ya mbele yalishashika, hayana neno. Lakini ya safu za mwisho nilikuwa niyaozeshe leo."

"Si utayaozesha mwakani, mwanangu?"

"Ndiyo hayo niliyoyangoja miaka yote. Mwakani sijui kama wakubwa wangu watanirudisha."

Nilimwonea uchungu. Na uchungu wangu mimi haukai peke yake, hutafuta mtu.

Mtu nilikuwa naye. Don Higinio Barrera, muuza mbegu. Wiki iliyopita alikuja kwenye meza yangu sokoni, akamaliza bakuli, akaanza uchokozi.

"Mahindi ya injinia yanasemaje, mama?"

"Hayasemi. Hayana domo kama lako."

"Nipatie hindi moja tu, nilionje."

"Kaonje ukuta."

Alicheka, lakini gari lake nililiona likipita bondeni tena na tena. Anapita kufanya nini, wakati kule hakuna duka wala kanisa? Ikitoka mbegu mpya isiyoangushwa na upepo, nani atanunua yake? Na jana, kabla hata vumbi halijatulia, huyo hapo getini, kofia mkononi, "Pole injinia, pole sana." Muuaji ndiye hulia kwa sauti matangani. Nikamwambia mbele za watu kwamba yeye ni mwizi mtoto wa mwizi.

Akanijibu, "Mwizi huiba, mama. Hapa kimeibiwa nini?"

Jibu lile lilinizidisha shaka. Mtu asiye na lake hajibu vizuri hivyo.

Halafu Crescencio. Wewe mwenyewe sajenti ulimuuliza mbele yangu nani alifungua geti. Akasema, "Mimi." Nani aliingia? Kimya. Ulikwenda wapi? "Kunywa uji." Nani aliingia, Crescencio? Akatazama viatu vyake. Na mimi nikavitazama. Vilikuwa buti mpya, za ngozi. Nikasema moyoni, ahaa, Higinio amemvisha. Nilikwambia hivyo, ukaandika, ukamchukua. Asiye na hatia hanyamazi, ndivyo nilivyoamini.

Saa kumi na moja jioni Brígida alikuja kwangu, hakukaa.

"Dada, unamwacha mwenzio alale rumande kwa ajili ya mabua?"

"Aseme basi nani aliingia!"

"Hata mimi haniambii! Amesema nikimuuliza tena hatakula chakula nitakachompelekea."

"Na buti?"

"Buti nilimnunulia mimi, siku ya mtakatifu wa jina lake. Wewe Otilia una macho ya kuona kila kitu ila kilicho mlangoni pako."

Akaondoka. Niliudhika sana. Nikaenda kuanua nguo ili mikono ipate kazi, na hapo kwenye kamba nikaona mitandio ya mama yangu imebanwa kwa vibanio vya injinia. Vyote, safu nzima. Mtandio wake wa kijivu ulikuwa na unga wa njano mabegani. Niliporudi kutoka bondeni nilikuwa nimeuona unga huo, nikadhani ni wa maua ya perikoni.

Mama yangu ni Bi. Sabina Galicia, ana miaka 84. Alikuwa mkunga. Nusu ya mji huu imepita mikononi mwake, na wewe sajenti umo. Alikuwa jikoni anamenya maharage.

"Mama, vibanio hivi umevitoa wapi?"

"Shambani kwetu. Vizuri, havishiki kutu."

"Uliingia shambani?"

"Sasa nani aweke misalaba? Tangu liwekwe geti Shetani analala mle bure, miaka saba. Ndiyo maana kazi ya yule binti kwenye mahindi haiishi, mwaka baada ya mwaka."

"Na mifuko, mama?"

"Masikini, niliwakuta wamefunikwa nyuso wote, wamesimama. Anayefunikwa uso si maiti? Mtoto akizaliwa amefunikwa ngozi ya uzazi usoni unamwachaje? Unamfunua, apumue. Nikawafunua. Mifuko nikaikunja, ni karatasi nzuri ile."

"Nani alikufungulia?"

"Crescencio. Alianza kuniletea habari za nguo, sijui unga. Nikamwambia, wewe ulikuja duniani umetanguliza miguu, nikahangaika na wewe mpaka jua likachomoza, leo unanifungia mlango? Akafungua. Nikamwambia nenda kanywe uji, usisimame juu yangu."

Hapo nilimwelewa Crescencio. Aliporudi na kikombe aliona kama nilivyoona, na alijua. Akaona bora alale yeye kwenye sakafu yenu kuliko kulitamka jina la mama yangu mbele ya polisi, na mimi nimesimama palepale namhesabia buti. Nililia, sifichi.

Nilipomwambia mama kwamba Crescencio amefungwa, hakuuliza kwa nini. Alisema, "Tangu lini?" Kisha akachukua mtandio. Nilimzuia mpaka asubuhi kwa kumficha viatu. Leo tumepitia kwa injinia kwanza. Injinia alisikiliza yote, nikajua tumekwisha. Kisha akasema hashtaki mtu, ila mwakani, kama kuna mwakani, misalaba ataiweka yeye mwenyewe, mama amfundishe kuifunga.

Naomba Crescencio aachiwe. Kuhusu Higinio, nafuta neno mwizi. Kwamba bado sielewi gari lake linapita bondeni kufanya nini, hilo silifuti.

Nimesema nililoliona na nililolisikia, nimesomewa, na sina la kuongeza wala kupunguza.

Sahihi: Otilia Xochihua G.

MAELEZO YA OFISA: Shahidi amesomewa maelezo yake na kuyathibitisha. Bi. Sabina Galicia, aliyekuwa kwenye benchi nje, aliingia bila kuitwa na kutaka afungwe yeye. Aliambiwa hakuna mashtaka. Nilimtoa mahabusu Crescencio Tlatelpa saa nne na robo. Alitoka akiwa amejifunika uso kwa kofia, akakataa kumtazama mtu. Bi. Sabina alimwendea, akaiondoa kofia kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia, "Pumua."

Sajenti P. Rendón