Vigari Viwili, Uso kwa Uso

Jumatatu, 6 Mei

Mwalimu wa fizikia katupa maswali ya momenta. Tungamo mara kasi, basi! Kwangu ni kama kunywa maji. Kikundi chetu ni watatu: mimi, Binamu, na Mdomo, ambaye jina lake linajieleza. Mwalimu ana mtindo wake — Ijumaa anaita mmoja ubaoni, yeyote, na alama zake ni za kikundi kizima. Binamu keshaambiwa: akianguka safari hii, fizikia aiage. Na hana kingine anachokitaka shuleni. Nimemwambia atulie, nitambeba.

Jumatano, 8 Mei

Tumesomea saluni kwa Mama, wateja walipoondoka. Swali la nne: kigari cha kilo tatu kinakwenda mita nne kwa sekunde. Kinagongana uso kwa uso na cha kilo moja kinachokuja kwa mita nane. Vinanasana. Vitakwenda kwa kasi gani? Nikapiga fasta: kumi na mbili kujumlisha nane, ishirini, gawanya kwa nne. Tano! Na mwandiko wenyewe, kama umechapwa.

Binamu akauliza mbona vimegongana uso kwa uso, halafu kile kikubwa kinatoka na mbio zaidi ya mwanzo. Nikamwambia asiniletee maneno, hesabu ni hesabu. Baadaye akamkalisha Mdomo kwenye kiti cha saluni chenye magurudumu, yeye akakaa kingine, wakajisukuma kwa miguu, wakagongana katikati ya saluni. Sikutazama — nilikuwa napigia mistari majibu yangu. Nikasikia tu beseni likimwagika, na Mama akisema kutoka nje kwamba hiyo fizikia ipigwe deki kabla hajaingia.

Alhamisi, 9 Mei

Binamu hakuja kusoma. Eti kuna jambo analifikiria. Leo! Kesho nikiitwa mimi, tumepona.

Ijumaa, 10 Mei

Naandika darasani, daftari chini ya dawati. Kaitwa Binamu. Swali la nne! Mdomo kafumba macho.

Kachora vigari viwili, juu ya kila kimoja mshale. Mishale imeelekeana. Anasema hiki kinakwenda kulia, kile kinakuja kushoto, kwa hiyo hatujumlishi, tunatoa. Kumi na mbili kutoa nane ni nne. Gawanya kwa nne. Mita moja kwa sekunde, kuelekea kulia. Anasema amejaribu na viti: mzito alisogea kidogo tu, upande uleule aliokuwa anaelekea.

Moja. Na mimi nimeandika tano, tena kwa mwandiko wa kuchapwa! Aibu imenishika. Halafu, sijui vipi, kifua kimenijaa. Yule pale ni binamu yangu. Nimezoea kujivunia mimi, sijawahi kujivunia mtu hivi.

Mwalimu kafungua kazi tuliyokusanya asubuhi. Kaona tano. Anasema kikundi kiwe na jibu la pamoja au kipate sifuri, sasa lipi? Binamu anasema moja, na wenzake wasipokubali atabaki nalo peke yake. Hata hajanitazama.

Mwalimu anamtaka aliyeandika tano asimame, aseme mbele ya wote anashika lipi. Darasa zima limegeuka. Wapo niliowacheka jana kwa kushindwa swali hilihili. Nasima—