Pikipiki Ileile, Bei Nyingine

Jumamosi

Pikipiki ni ileile! Hata mkwaruzo aliouacha mwanangu Neema kwenye tangi mwezi jana bado upo. Leo nimefika dukani Kiomboi na pesa yote, muuzaji ananiambia bei imepanda.

"Dada, mzigo mpya unakuja ghali."

"Hii siyo mzigo mpya, kaka. Hii ina vumbi la mwezi jana!"

Akacheka. Mjinga kabisa.

Nimeuza ng'ombe wa maziwa ili baba Neema aache kuendesha pikipiki ya mtu. Sasa pikipiki sina, ng'ombe sina.

Jioni Neema kaja na kikombe chake kama kila siku, akasimama mlangoni pa zizi. Nikamkorogea uji.

Jumatatu naenda mnadani kumtafuta ng'ombe mwingine. Muuzaji abaki na vumbi lake.