Diski ya Harusi Yenu

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na shemeji mzima, na wale wapwa zangu wawili wakiendelea kukupandisha presha kama kawaida yao. Mimi sijambo. Kikohozi kimeniacha na chakula kinapita vizuri, kwa hiyo usianze kuniuliza.

Umeniandikia mara mbili kuhusu ile diski ya harusi uliyonipa niitolee nakala kabla ya sherehe yenu ya miaka kumi. Barua zote nimezipata. Nitafika huko, vumilia kidogo, maana siku hizi kazini kuna mambo.

Ulitaka kujua nafanya nini hasa pale maabara, kwa sababu shemeji anawaambia watu eti nafuta vioo. Basi mwambie hivi. Ndani ya diski za kuandikwa na kufutwa kuna utando mwembamba mno wa madini yaliyochanganywa. Ukipiga kidoa kimoja kwa mwanga mkali kinayeyuka, na kikipoa ghafla chembe zake zinabaki shaghalabaghala, kidoa kinafifia. Ukikipasha moto kiasi, bila kukiyeyusha, chembe zinajipanga upya na kidoa kinang'aa. Hivyo vidoa vinavyofifia na vinavyong'aa ndiyo picha, ndiyo sauti. Kufuta ni kuvipasha moto vyote vijipange, basi. Kazi yangu ni kuchanganya hayo madini na kuona utando wetu utavumilia kufutwa mara ngapi kabla haujachoka.

Mwezi uliopita tulijaribu diski kumi. Mashine iliandika na kufuta kila moja mara elfu. Tisa zilichoka njiani, moja ikafika mwisho kama vile haijaguswa. Mkuu wetu, ambaye tunamwita Miwani kwa sababu huvaa mbili kwa pamoja, alinipongeza mbele ya wote, akasema sasa nimeiva. Dada, kichwa kilivimba. Siku mbili nzima nilitembea kifua mbele. Hata mlinzi wa getini aliniita Profesa, nami nikaitika.

Siku ya tatu Miwani akataka namba ya diski hiyo ili tutengeneze nyingine za mchanganyiko uleule. Hapa nikueleze utaratibu wetu. Diski ya majaribio haibandikwi karatasi, kwa kuwa inazunguka kwa kasi na karatasi inaiyumbisha. Tunaandika tu namba ndogo karibu na tundu la katikati. Niliigeuza, nikaishika chini ya taa, nikaazima miwani moja ya Miwani. Namba haikuwepo.

Nikafungua droo ya meza. Ile diski haikuwa yetu, dada, ilikuwa yako. Niliipeleka kazini asubuhi ile niitolee nakala, na mkono wangu uliozoea ukabandua karatasi yenye majina yenu na maua, ili isiyumbe. Nikaiweka mezani pamoja na zetu, nikaitwa nje mara moja. Niliporudi nikahesabu kumi, nikaziingiza zote kwenye mashine. Ya kumi yetu ilikuwa bado imelala kwenye droo.

Harusi yenu nimeifuta mara elfu moja. Nisamehe. Nilikuwa najibaraguza hapo juu kusema nina mambo kazini, kumbe sikukujibu kwa woga tu. Nilipomweleza Miwani alicheka mpaka akaketi, akauliza diski ile ilinunuliwa duka gani. Alipoona siwezi kucheka, alivua miwani zote mbili, akakaa nami jioni nzima tukitafuta hata sekunde moja iliyosalia. Hatukupata kitu.

Lakini kuna jambo ambalo hulijui. Siku ya harusi nilikuwa kwenye mitihani, unakumbuka nilivyolia. Kwa hiyo kabla ya kuipeleka kazini niliitazama tangu mwanzo kabisa. Nyinyi huwa mnaanzia pale unapoingia ukumbini, eti nyuma ya hapo ni viti vitupu tu. Si viti tu. Mpiga picha alisahau kamera imewaka. Shemeji anaingia peke yake, anajifuta jasho, anasimama mbele ya kiti chako. Anakiambia kile kiti kwamba anaogopa hatakutosha, ila atajitahidi kila siku. Anarudia mara tatu na sauti haijakaa sawa hata mara moja. Kisha anakinyoosha kitambaa cha kiti, pole pole, kona kwa kona, anatoka.

Nilitaka uyapate haya kabla sijaanza kuyasahau. Ukipenda mwambie shemeji kwamba unajua, ukipenda nyamaza, ni mumeo.

Nipigie wapwa busu, na shemeji mpe mkono wangu. Siku ya sherehe nitakuja, kama bado mlango wako uko wazi kwangu.

Ni mimi mdogo wako, anayekupenda na kukuogopa,
Kitindamimba