Haikupatikana

Muhuru Bay, 4 Februari 2025

Nyathina, mwanangu Joyline,
Mnaendeleaje huko Homa Bay? Tumbo halikusumbui? Huku ni wazima, isipokuwa mimi. Naandika kwa sababu nikishika simu, majirani wanasikia mpaka pumzi. Hospitalini walinipima damu kabla ya kunitoa ule uvimbe wa mgongo. Wakasema hepatitisi C, ule ugonjwa wa ini, imeonekana. Si zile tembe zake nilimeza zote mwaka juzi, wiki kumi na mbili? Nimetenga kikombe changu. Ukijifungua sitakuja kumwogesha mtoto. Tafuta mtu mwingine.
Mamako

Homa Bay, 11 Februari

Mama mpendwa,
Mume wangu Nicodemus anakusalimu. Nimelia, kisha nikamuuliza sista wa kliniki. Anasema hicho kipimo kinatafuta askari ambao mwili wako uliwatengeneza kupigana na virusi. Hao hubaki kwenye damu hata mtu akipona. Omba kipimo kingine, cha virusi vyenyewe. Na huu ugonjwa hupitia damu, si kikombe, si kumshika mtoto. Wembe tu ndio usimpe mtu. Nenda, Mama. Huyo mtu mwingine simtaki.
Binti yako

Muhuru Bay, 6 Machi

Nyathina, uko salama? Siku hazijafika?
Nilienda. Nimengoja majibu wiki mbili. Leo Mourine, msichana wa maabara, amefungua karatasi akasema, "Haikupatikana, mama. Nenda nyumbani." Nenda nyumbani! Nikamwambia, basi nitoe damu nyingine. Akacheka, akaita mtu wa nyuma yangu. Damu yangu wameipoteza, Joyline, ama imeharibika mpaka mashine imeshindwa. Karatasi yenyewe hii hapa ndani. Siji. Unisamehe.
Mamako

Homa Bay, 10 Machi

Mama, nimejifungua jana. Msichana. Tuko wazima.
Sista ameisoma karatasi yako mara mbili hapa kitandani. Damu yako haikupotea! Virusi ndivyo havikupatikana. Wamevitafuta, havipo. Ulipona, Mama. Daktari aendelee tu kuliangalia ini. Mtoto bado hajaogeshwa na mtu anayejua.
Binti yako

Muhuru Bay, 13 Machi

Mama wa msichana, pole na hongera. Maziwa yanatoka?
Nimesoma, nikakaa chini, nikasoma tena. Naogopa hata kufurahi. Barua hii ikikufikia huenda niko mlangoni. Wekeni maji ya mtoto yapate moto kidogo. Nikimchukua mikono ikatetemeka, msininyang'anye. Ni uoga tu, nyathina. Si ugonjwa.
Nyanyake