Jembe Linaloshuka Mpigo wa Pili

Kitwe, Jumapili baada ya misa

Kaka Deo,

Shikamoo. Najua unaishika barua hii ukiwa umekunja uso, basi itikia marahaba kwanza, hasira utaendelea nazo baadaye. Goti la mama linasemaje na baridi hii ya Juni? Na ulezi, mmeshamaliza kuvuna au kuna shamba mmewaachia ndege? Mimi ni mzima. Kikohozi kimeniacha. Biashara ya dagaa inakwenda kwa kuchechemea, maana lori lililobeba mzigo wangu kutoka Mpulungu liliharibika njiani, na dereva akaona bora alale mpaka fundi amfuate. Wateja wangu wakanunua kwa jirani. Ndiyo maisha ya huku, hakuna anayekusubiri.

Naandika kwa mkono kwa sababu mbili. Ya kwanza, umenitoa kwenye kundi la familia la simu. Ya pili, nikikupigia unanikatiza kabla sijamaliza salamu. Karatasi huwezi kuikatiza. Aliyeibeba ni dereva wa huko kwetu Matai, na nimemsihi akuwekee mkononi kabla ya Alhamisi, kwa kuwa Alhamisi ndiyo siku uliyosema unakwenda mahakamani Sumbawanga kuapa kwamba marehemu baba alitunga ule wimbo wa kulimia, na kwamba Feli, mtoto wa jirani yetu, ameuiba na kuurekodi kwa jina lake.

Kaka, usiape.

Sasa nieleze, na wewe usome mpaka mwisho, usirukeruke kama unavyofanya na risala za harusi.

Ule wimbo naujua kama wewe. Nilikuwa nabeba maji, wewe umeshapewa jembe. Majirani wamealikwa, pombe ya ulezi imewekwa kivulini, mistari miwili ya watu wanafukia majani kwenye matuta, na baba mbele anaanzisha. Nyimbo nyingine zote za kulimia jembe linashuka mpigo wa kwanza. Wa baba linashuka wa pili, halafu wa nne. Mgeni yeyote aliyekuja kulima kwetu alikosea, akapiga udongo peke yake, na watu wakamzomea: "Wewe, hilo jembe lako limetangulia kwenda kunywa pombe?" Yule shemeji wa Milepa karibu ajikate vidole. Hata wavuvi wa Wampembe walipouchukua kuvutia nyavu, walikaa msimu mzima wakivutana wenyewe kwa wenyewe kabla hawajauelewa.

Hiyo ndiyo hoja yako kubwa. Umeiandika kwenye kundi kwa herufi kubwa: hakuna wimbo mwingine Ufipa nzima wenye jembe la mpigo wa pili, kwa hiyo ni wa baba. Wote wakakushangilia. Mimi nilipouliza kama kuna mtu amemuuliza mama, ukajibu, "Leokadia ameshakuwa Mzambia, mwacheni na dagaa wake." Halafu ukanitoa. Sawa. Lakini mchango wa wakili ulipopungua, Mzambia akakumbukwa. Hilo nimelimeza, lina miba, ila nimelimeza.

Sikiliza kilichonipata. Kibanda changu hapa sokoni kinapakana na cha mzee mmoja, Ba Chanda, anayetengeneza redio. Ba ni heshima yao huku, kama sisi tunavyosema mzee. Mwezi uliopita aliletewa santuri ya zamani, akabadilisha sindano, akatafuta sahani ya kujaribia. Mimi nilikuwa namimina dagaa kwenye kopo la kupimia. Kikaanza kinanda, ikaingia ngoma, na kabla akili haijajua, mkono wangu ukashuka na kopo mpigo wa pili. Ukashuka tena wa nne. Dagaa wakamwagika hadi miguuni kwa mteja.

Nikapiga kelele, "Huo wimbo wa baba yangu!"

Ba Chanda akanitazama juu ya miwani. "Baba yako alikuwa Mmarekani?"

"Baba yangu Mfipa wa Matai!"

"Basi alisafiri sana, mama," akasema, na soko zima likacheka. Muuza nyanya akadakia, "Mwacheni, labda na treni ni ya shangazi yake!" Maana maneno ya Kiingereza yanahusu mtu anayeikimbilia treni iliyompakia mkewe pamoja na sufuria yao moja tu.

Kaka, nilisimama pale kama niliyevuliwa nguo. Nikamwomba arudie. Akarudia. Mimi kuhesabu sikufundishwa na mtu, kumenilisha. Nikahesabu kwa vidole: vipande kumi na viwili vya mipigo minne minne, halafu unarudi mwanzo. Wa baba ni kumi na viwili. Pale wanapopanda sauti, kipande cha tano, ndipo baba alipokuwa anainua kidevu. Pale wanaponyamaza wote kinanda kibaki peke yake, ndipo baba alipokuwa anaacha watu wateme mate mikononi. Nilitafuta tofauti, Mungu ananiona, nilitafuta kama mtu anayetafuta shilingi yake kwenye mchanga. Sikuipata.

Ba Chanda alipoona sicheki, akanivutia kigoda, akanisimulia. Wimbo huo, alisema, alianza nao mtu mweusi wa kule Marekani aliyekuwa akibeba marobota ya pamba mchana na kupiga kinanda kwenye vilabu vya pombe usiku. Maneno yake ya kwanza yalikuwa ya kilabuni, hayafai kusemwa mbele ya mama mkwe. Wenye studio wakamtaka ayasafishe, ndipo akaiweka treni. Wimbo ukaanza kuvuma kwa watu wake. Haukupita muda akatokea kijana wa Kizungu mwenye nywele za mafuta, akauimba uleule, akauongezea kasi na gitaa, na redio zilizokuwa zinamfungia mlango yule wa kwanza zikamfungulia huyu wa pili. Dunia ikajua ni wa kijana. Mbeba pamba akarudi kwenye marobota. Akazeeka anasikia mtoto wake akipigwa redioni kwa jina la baba mwingine.

"Huku ulifikaje?" nikamuuliza.

"Kwa wachimbaji," akasema. "Jumamosi ya mshahara, kwenye ukumbi wa kambi, santuri mezani. Mimi nilikuwa mdogo, tunachungulia dirishani. Watu wa kwenu walikuwepo wengi, na walikuwa hawajui kucheza, wanakanyaga tu chini kama wanalima."

Hapo nikaweka kopo chini. Unajua na mimi najua baba alikuwa wapi kabla ya uhuru. Alichimba shaba hapahapa Kitwe, akarudi na blanketi, baiskeli na santuri ya kuzungusha kwa mkono. Hiyo santuri wewe uliiona, mimi sikuikuta. Ilivunjika na sahani zake siku mlipohamishiwa kijiji kipya. Baada ya hapo kilichobaki ni mdomo wa baba.

Nikampigia mama. Na kwa kuwa mama hana simu, nilimpata kwa simu ya nani? Ya Mama Feli. Mwanamke huyohuyo unayetaka kumpandisha mwanawe kizimbani ndiye anayevuka uani kumpelekea mama simu, na ndiye aliyemwosha na kumlisha alipolazwa, wewe ukiwa mnadani na mimi nikiwa huku. Nilimuuliza mama kuhusu wimbo. Akacheka mpaka akakohoa.

"Huo? Baba yenu aliniambia siku ya kwanza kabisa, huu ni wa Wamarekani, mimi nimeuvalisha kaniki tu uende shamba."

"Sasa mama, mbona hukumwambia kaka?"

"Deo aliniuliza? Deo alikuja na karatasi niweke dole gumba. Nikamwambia dole langu lina unga."

Umeona? Baba hakuficha. Watu walisema wa kwake naye akawaacha waseme, maana aliyeshika jembe hana muda wa kubishana. Lakini kuacha watu waseme ni kitu kimoja, na mwanawe kuapa mbele ya hakimu ni kitu kingine. Wakili wa Feli akiipata hiyo sahani, na haijapotea duniani, ipo hapa kibanda cha jirani yangu, ataipiga mahakamani. Watu wote watasikia. Baba hakuwahi kuchukua hata mpini wa mtu. Wewe, kwa kumpenda, utamfanya mwizi akiwa kaburini, asiweze hata kujitetea.

Na hapa ndipo penye uchungu wangu hasa. Wimbo wa Feli nimeusikiliza kwenye simu mara nyingi kuliko ninavyopenda. Nasikia huko unapigwa kwenye mabaa, kwenye mabasi, harusini. Mahadhi ni yaleyale ya vipande kumi na viwili. Jembe lipo, limegeuzwa ngoma ya kompyuta. Lakini maneno? "Mtoto wa Sumba unanimaliza, nipe namba nikupigie." Basi. Hakuna kingine mpaka mwisho.

Maneno ya baba yapo wapi? "Mvua imelala Kasanga, kesho inapanda mlima. Jirani nipe mgongo wako leo, wangu uchukue kesho kutwa. Atakayekutwa ardhi yake imefumba, asiilaumu mvua, ailaumu mikono." Naandika Kiswahili hapa kwa sababu watoto wako Kifipa wanakisikia kwa mbali, lakini wewe unajua yanavyolia kwa Kifipa. Hayo hakuna Mmarekani aliyeyasema. Hayo baba aliyatoa kifuani mwake, na ndiyo yaliyofanya watu watoke Milepa kuja kulima kwetu na kurudi wakiimba.

Kwa hiyo fanya hesabu nami. Kilichochukuliwa na Feli si chetu. Kilicho chetu Feli hakukigusa. Alikulia uani kwetu, aliyasikia maneno yale tangu anatambaa, akayapima akaona hayana bei, akayatupa, akabaki na mahadhi ya watu. Wewe umekasirika kwamba ametuibia. Mimi nimekasirika kwamba hakutuibia. Alikuwa na nafasi ya kumfanya baba asikike nchi nzima, akaomba namba ya simu! Kwa hilo hakuna mahakama, kaka. Ingekuwepo ningekuja kushtaki mwenyewe, na wakili ningemlipa peke yangu.

Usinijibu kwamba najifanya najua. Sijafika mbali shuleni, unanikumbusha kila mwaka. Lakini kopo langu la dagaa halijawahi kumpunja mtu, na wimbo nimeupima kwa kopo hilohilo.

Kama lazima uende mahali na Feli, nenda naye kwa mama. Mkalishe jikoni, mama ayaimbe maneno yote, kijana asikilize. Akiyataka, ayachukue bure na ataje yalikotoka. Asipoyataka, angalau atakuwa ameyakataa mbele ya mwenyewe. Na fanyeni upesi, maana mimi nayajua mafungu matatu, wewe umesema manne, na mama peke yake ndiye anayeyajua yote.

Nisalimie mama, na mpake goti ile dawa ya mafuta niliyotuma, isikae kabatini. Wifi mwambie vitenge vyake vimo kwenye mzigo aliokuja nao dereva huyuhuyu. Mpe pole shemeji wa Milepa kwa kufiwa na ng'ombe. Mama Feli msalimie kwa jina langu, uende mwenyewe uani kwake, usitume mtoto.

Alhamisi asubuhi nitakupigia. Ukipokea uko shambani, nitamshukuru Mungu na tutaongea habari za ulezi. Ukipokea uko kwenye basi la Sumbawanga, na mimi nitapanda la kwangu. Mahakama itaniita shahidi, nitaapa kama wewe, na nitawaimbia ile treni mwanzo hadi mwisho, wewe ukiwa umekaa unanitazama.

Ni mimi mdogo wako, niliyekasirika na bado nakupenda,

Leokadia